Kwenda Kisumu na Watoto, Kurudi Kiogoro Kabla ya Giza

Mzazi wa Kiogoro akitangaza kwamba Jumapili anapeleka watoto jijini, majirani humwonya kuhusu wezi. Shikilia mkoba, ficha simu, usisimame na mtu anayekuuliza saa. Ni maonyo ya maana na tutayafikia, lakini yasitangulie. Mwizi ataondoka na simu yako. Barabara na ziwa huondoka na watu. Kwa hivyo ukipata jioni moja tu ya kupanga safari, panga mambo matatu: gari mtakalopanda, maji mtakayoyakaribia na saa mtakayogeuka kurudi. Hayo mengine hata yakienda kombo, mtayacheka mkifika nyumbani.

Kwanza jiji lenyewe. Watoto watakuomba Nairobi. Wakatalie, ikiwa ni safari ya siku moja. Kutoka Kisii kupitia Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu ni zaidi ya kilomita 300. Mkiondoka alfajiri mtafika mchana hoi, na ili mrudi siku hiyo hiyo itabidi mvuke Bonde la Ufa usiku, mkiwa mikononi mwa dereva ambaye naye huenda ameamka alfajiri kama ninyi. Nairobi ni ya kulala. Isubiri likizo ya Agosti, na jamaa wa kuwapokea awe amekubali kwa kinywa chake, kwa simu, akijua idadi ya watoto unaokuja nao. Kudhani kwamba shangazi hawezi kukataa wageni kumewafanya watu wengi kutafuta chumba saa tatu za usiku wakiwa na watoto wanaosinzia.

Kisumu iko karibu. Ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2001, na kutoka Kisii mjini ni zaidi kidogo ya kilomita 100 kupitia Oyugis, Sondu, Katito na Ahero. Barabara ikiwa wazi ni mwendo wa saa mbili na nusu au tatu. Kuna ziwa, kuna wanyama, kuna makavazi, na vyote viko karibu karibu. Mtoto wa Gredi ya 4 aliyesoma habari za Ziwa Victoria darasani anaweza kuliona, akala samaki wake na akalala kitandani mwake usiku huo huo.

Siku ya kwenda huamuliwa na kanisa kabla ya kuamuliwa na wewe. Nyumba za Wasabato ni nyingi huku kwetu, na kwao Jumamosi haipo kwenye hesabu. Wao huenda Jumapili au sikukuu. Wakatoliki na wengine huona Jumamosi ndiyo nyepesi, na kweli ni nyepesi, kwa sababu Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye na barabara za upande huo hujaa mikokoteni, marobota ya mitumba na watu. Si lazima upite Kibuye, ila ujue hivyo usije ukashangaa. Epuka kabisa siku shule zinapofungwa au kufunguliwa, Ijumaa Kuu, na wiki ya Krismasi. Nauli hupanda na madereva hukimbizana na safari. Tazama pia siasa. Tarehe 25 Juni na 7 Julai zimekuwa siku za maandamano miaka hii ya karibuni, na Kisumu haikai nyuma kwa maandamano. Ukisikia redioni kwamba kuna mkutano mkubwa au vijana wamefunga barabara mtaani Kondele, ahirisha. Ziwa halihami.

Mvua za Aprili na Mei nazo zina lao. Huku mlimani maji hushuka na kupita, lakini yakifika uwanda wa Kano hutuama, na Ahero ni mahali panapojua mafuriko. Kama mvua imenyesha mfululizo wiki nzima, mpigie simu mtu anayetumia barabara hiyo kabla ya kuwaamsha watoto.

Gari

Hatari kubwa ya siku nzima huenda iko pale pale kwenye steji ya Kiogoro, kabla hamjafika hata Kisii mjini. Unaijua Probox yetu. Gari la kubeba dereva na abiria wanne linaondoka na watu kumi: wawili wamebanana na dereva, mtoto mmoja kakaa magotini kwa mama, mwingine kasimamishwa katikati ya viti viwili vya mbele akitazama kioo, na vijana wawili wako kwenye buti na mkungu wa ndizi, mlango ukiwa umefungwa kwa kamba. Sisi tumeizoea kiasi kwamba hatuioni. Likifunga breki kwa ghafla, huyo mtoto aliyesimama katikati ndiye atakayetangulia kugonga kioo. Siku ya safari, na ikiwezekana siku zote, likodi gari zima kwa familia yako, au subiri matatu. Ongea na dereva mnayemjua jana yake, mpatane bei, mwambie saa. Mwambie pia kwamba jioni utampigia simu mkifika Oyugis ili awasubiri mjini. Jambo hilo la jioni ni muhimu kuliko la asubuhi, na nitalirudia.

Kisii mjini, usipande gari la Kisumu kwa sababu utingo amekunyakulia mkoba na kuutupa ndani. Chukua mkoba wako. Zunguka gari ulitazame magurudumu. Gurudumu lililolika hadi kuwa laini halihitaji fundi kulitambua. Ingia ndani uvute mkanda wa kila kiti mtakachokalia kabla hujatoa hata shilingi. Sheria za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mikanda hiyo pamoja na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na kwa muda watu waliona matatu zikistaarabika. Leo mikanda mingi ipo ya kumwonyesha askari wa trafiki tu: imefungwa fundo, au vifungio vyake vimekwenda. Kama haifungi, shuka utafute gari lingine. Yako mengi yanayoelekea Kisumu.

Mtoto wa zaidi ya miaka mitatu mlipie kiti chake. Hapo ndipo wazazi tunapojidanganya kuokoa pesa. Utingo atajaribu: “Mama, huyu si mdogo, akae kwa mapaja tu?” Mjibu kwa upole, “Nimelipia kiti chake, kijana wangu,” na usiongeze neno. Ukimpakata na gari ligonge, mwili wako ndio utakaombana kwenye kiti cha mbele. Watoto wakae safu za katikati, mbali na mlango, na asikae yeyote pale mbele kando ya dereva hata akililia dirisha. Dereva akianza kupita magari kwenye kona, sema mapema na kwa sauti ya kusikika: “Dereva, tuna watoto humu, twende pole pole.” Mara nyingi abiria wengine walikuwa wakisubiri tu mtu wa kuanza. Asiposikia, shukeni Oyugis au Sondu, mahali penye magari mengine na watu. Msishukie porini kwa hasira. Nauli mliyoipoteza ni ndogo.

Kuna wanaokwenda kwa kundi, chama au kanisa, na kukodi basi la shule. Ni njia nzuri na watoto hufurahi zaidi, lakini msiwaze bei peke yake. Agosti 2025 basi la shule lililobeba waombolezaji lilianguka kwenye mzunguko wa Coptic, Kisumu, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mwenyekiti wa kundi aulize maswali manne bila kuona haya: bima iko hai, basi lilikaguliwa lini, dereva anaijua barabara hiyo, na amelala usiku uliotangulia? Halafu watu wahesabiwe kulingana na viti. Wanaobaki, wabaki.

Neno dogo kuhusu matumbo. Barabara ya kuteremka kuelekea Oyugis ina kona, na mtoto aliyekunywa chai yenye maziwa mengi saa kumi na moja alfajiri atakurudishia yote. Uji mwepesi na ndizi moja vinatosha. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo usitegemee utingo akupe “karatasi”. Beba mkebe wenye kifuniko, tambara na maji ya kusukutua. Jirani yako kwenye kiti atakushukuru kimoyomoyo.

Mavazi pia yana hesabu. Kisii mjini pako takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kisumu takriban 1,130. Mtaondoka Kiogoro mkitetemeka na kushuka Kisumu jasho likiwatoka. Sweta la kuvuliwa, kofia kwa kila mtoto, na viatu alivyovizoea. Viatu vipya alivyonunuliwa kwa ajili ya safari vitamchuna kisigino kufikia saa tano, na utambeba.

Kuhesabu na kupotea

Familia huenda na watu wazima watatu na watoto sita, na kila mtu mzima anawaangalia watoto wote sita. Hapo ndipo mtoto hupotea. Gaweni watoto kwa majina kabla ya kutoka nyumbani: wewe Kerubo na Onchari, baba yao hawa wawili, shangazi hawa wawili. Mtu mzima mmoja asizidishe watoto wawili wadogo. Magokoro, yaani nyanya yao, asihesabiwe miongoni mwa walinzi. Naye ni wa kuangaliwa, akiwa na dawa zake za presha au sukari ndani ya mkoba wa mtu mwenye kumbukumbu nzuri.

Kisha muulize mtoto maswali haya mkiwa nyumbani, jikoni, bila kumtisha. Jina lako lote? Atajibu. Unatoka wapi? “Kwetu.” Mama yako anaitwaje? “Mama.” Hapo utaona kazi iliyobaki. Akiulizwa na askari Kisumu, mtoto wa miaka mitano aliyejibu kwamba yeye ni wa Mama Moraa hajasaidia sana. Gusii nzima ina akina Mama Moraa. Na kama ni mtoto anayeongea Ekegusii pekee, atakayemwokota huenda akamwuliza kwa Dholuo. Mfundishe kwa Kiswahili sentensi moja aijue kama wimbo: jina lake, Kiogoro, Kisii, na jina kamili la mzazi. Nambari ya simu mwandikie kwa kalamu kwenye mkono, upande wa ndani, sweta liifunike; andika pia kwenye karatasi iliyo ndani ya mfuko wa suruali. Usimwandikie jina kifuani au mgongoni. Mtu asiyemjua akimwita kwa jina lake, mtoto humfuata.

Asubuhi, kabla hamjapanda gari, piga picha ya watoto wote wakiwa wamesimama pamoja, nguo zao zote zikionekana. Mzazi aliyepotelewa husahau hata rangi ya shati alilomvisha mwanawe mwenyewe.

Kila mnapofika mahali, chagueni alama ya kukutania ambayo mtoto anaiona kutoka mbali: lango, mti mkubwa, mnara. Na umwagize hivi: ukiona hutuoni, simama hapo hapo ulipo, usitutafute. Tutarudi. Tukichelewa, mwendee mama aliye na watoto wake, au mwenye kibanda cha biashara, au askari mwenye sare. Mtajie hao kwa mpangilio huo. Mtoto huogopa sare na ni rahisi kumwona mama kuliko kumwona askari.

Ikitokea amepotea kweli, mtu mzima mmoja abaki palipoonekana mtoto mara ya mwisho, asitoke hapo. Mwingine aende moja kwa moja palipo na hatari kubwa, yaani maji au barabara, kisha langoni, akiwa na ile picha ya asubuhi mkononi. Usione haya kupiga kelele za jina lake. Polisi ni 999 au 112. Nambari 116 ni ya kuwasaidia watoto, na kuipiga hakulipishwi.

Sasa wezi, kama nilivyoahidi. Steji kuu ya Kisumu ina wenye bidii kama ilivyo steji yoyote. Simu yenye M-Pesa ikae kwenye mfuko wa ndani. Ya kupokea simu njiani iwe ile ndogo ya mulika mwizi. Gawa pesa mahali pawili, na nauli ya kurudi itengwe kwanza kabisa, ikae kwa mtu mzima mwingine asiyependa kununua vitu. Mtu akikukimbilia kukuonyesha gari, tuktuk au hoteli, mshukuru na uendelee kutembea kama mtu anayejua aendako. Basi. Hakuna haja ya kuwajaza watoto hofu ya watu wa Kisumu. Wengi wao watakuwa wema kwenu, na mtoto aliyetishwa sana hataomba msaada akiuhitaji.

Ziwa

Chagueni mahali pawili, patatu mkiwa wepesi. Kisumu Impala Sanctuary, hifadhi ndogo ya KWS, shirika la wanyamapori, iliyofunguliwa 1992, iko ufuoni, kilomita kama tatu kutoka katikati ya jiji. Swala hutembea huru na wanyama wakali wako ndani ya nyua. Mbele yake, njia hiyo hiyo, ni Dunga, ufuo wa wavuvi penye mashua, vyakula na kinamasi cha mafunjo. Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yako karibu na mjini: kuna nyoka, mamba, kobe, samaki wa ziwani kwenye matangi, na boma la Kiluo lililojengwa lote kama lilivyokuwa zamani, linaloitwa Ber-gi-dala. Mimi ningewapeleka wenye watoto wa chini ya miaka mitano hifadhini na makavazini tu, nikawaachia Dunga wenye watoto wanaosikia wakiambiwa “acha” mara moja.

Hifadhini hulipi pesa taslimu langoni. Malipo ni ya eCitizen, mtandao wa serikali. Fungua akaunti ukiwa nyumbani, uangalie na ada za wakati huo, kwa sababu langoni kwenye jua na watoto wanaolia si mahali pa kukumbuka nenosiri. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Zile chupa ngumu za shule ndizo za kubeba. Na ndizi zetu zikae ndani ya mkoba uliofungwa zipu. Tumbili wa pale wanawajua wageni kuliko wageni wanavyowajua wao, na mtoto mwenye ndizi mkononi atanyang'anywa, pengine akwaruzwe. Akikwaruzwa au kung'atwa na tumbili, mwoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na umpeleke hospitalini siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwenye nyua za wanyama, hifadhini na makavazini, usimwinue mtoto juu ya ukuta eti aone vizuri.

Kuhusu ziwa, kanuni ni fupi. Mtoto haogi humo, hatii miguu, hachoti maji. Sisi wa milimani tunajua mito inayopita kwa kasi. Maji yaliyotulia tunayaona kama rafiki. Mle kuna mamba na viboko, na kuna kitu kidogo kuliko hivyo: konokono wa pembezoni mwa ziwa hubeba kichocho, na vimelea hupenya ngozi ya mguu uliolowa kwa dakika chache tu, bila maumivu. Dalili zinaweza kuja wiki kadhaa baadaye, wakati umeshasahau kwamba mlikwenda. Kama mtoto amekwisha kuingia, mkaushe mara moja kwa kumsugua na taulo, na baadaye mweleze daktari. Dawa yake ipo.

Mashua? Watakuomba, na upepo wa ziwa asubuhi ni mtamu. Nendeni kabla ya saa tano. Mchana upepo huamka, mawingu hujikusanya na dhoruba za Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo Kisumu, hufika haraka kuliko mashua inavyorudi. Pandeni kwa waendeshaji wanaotambuliwa na BMU, kamati inayosimamia ufuo, si kwa kijana aliyewafuata kutoka kwenye tuktuk. Kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha na lifungwe mikanda yote mkiwa bado nchi kavu. Ya watoto yawe ya kimo chao. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita ni balaa lingine: akianguka majini, linapanda juu na yeye anateleza chini. Ukiambiwa “tunaenda hapa karibu tu, hakuna haja”, shukeni. Tazama pia kijani kilichotanda juu ya maji. Hilo ni gugu maji, limesumbua ghuba hii tangu miaka ya 1990, na likisukumwa na upepo huweza kuifungia mashua ndani ikakaa saa nzima au zaidi juani.

Mtu akitumbukia, usijirushe kama hujui kuogelea. Mtupie kamba, kasia, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko. Dumu hilo litamshikilia mtu mzima juu ya maji hadi afikiwe.

Samaki mle mapema, saa sita, kabla ya umati. Pataneni bei ya kila samaki, ukubwa wake ukiuona, kabla hajatiwa kwenye mafuta. Na mjue kwamba kumwandaa huchukua muda, kwa hivyo agiza kisha mwende kutembea. Ngege ni mtamu lakini ana miiba midogo. Wadogo wape mbuta, ambaye miiba yake ni mikubwa na minofu yake hutoka mizima, na uichambue kwa vidole vyako mwenyewe. Ugali utafanana na obokima, ugali wa nyumbani, vya kutosha, hawatalalamika. Maji ya kunywa yawe mliyobeba au ya chupa iliyofungwa, na mikono ioshwe kwa sabuni, hata kama mhudumu anapita na birika haraka haraka.

Mkipatwa na ugonjwa au ajali, hospitali kubwa ya umma ni Jaramogi Oginga Odinga, karibu na Kondele. Mwambie dereva wa tuktuk “Russia”. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na jina hilo halijaiacha. Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana kwa 1199. Beba kitambulisho chako, uhakikishe familia imesajiliwa katika bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwa mtoto mdogo beba kile kitabu cha kliniki. Daktari wa ugenini atakisoma kabla ya kukusikiliza wewe.

Ndani ya jiji pandeni tuktuk, abiria watatu nyuma, mtoto mdogo akae katikati. Bodaboda si ya familia. Najua huku kwetu mtu hupeleka watoto watatu shuleni kwenye pikipiki moja, lakini kule hamjui barabara wala mwendeshaji.

Saa tisa

Saa tisa alasiri muwe kwenye steji, mmekwisha kwenda msalani, mmejihesabu. Hili ndilo litakalopingwa na kila mtu. Watoto watakuwa wamechangamka, shangazi atataka kupitia dukani, na kuna atakayesema kwamba jua la Kisumu linapotua ziwani ndilo lililowaleta. Ni kweli ni zuri. Lakini linatua karibu na saa kumi na mbili na dakika 40. Mkilisubiri, mtaanza kutafuta gari gizani, mtapita Sondu usiku na kufika Kisii baada ya saa tatu, wakati Probox za Kiogoro zimebaki chache na zimejaa kupita kiasi, na nauli anaitaja dereva. Jioni hiyo hiyo viboko nao hutoka majini kuja kula majani nchi kavu. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya saa tangu asubuhi, na uamuzi wake usijadiliwe. Mwenye kuamua awe yule anayejulikana nyumbani kwa ukaidi.

Gari likiondoka saa tisa na nusu, mtafika Kisii kwenye saa kumi na mbili au zaidi kidogo. Mkiwa Oyugis mpigie simu yule dereva mliyepatana naye. Waliolala waamsheni kabla ya kushuka. Mtoto aliyeamshwa kwa kuvutwa kutoka kwenye kiti hushuka upande wa barabara bila kutazama. Jihesabuni tena hapo mjini, kwa majina, na mtazame chini ya viti: sweta, chupa, kitabu cha kliniki.

Kisha weka alama kwenye kalenda, wiki mbili mbele. Kisumu ni eneo la malaria mwaka mzima, na mtoto aliyekulia huku kwenye baridi mwili wake haujaizoea kama wa mwenzake wa Dunga. Mbu wake huuma zaidi kuanzia jioni, ndiyo sababu nyingine ya ile saa tisa, lakini hata mkiondoka mapema usiseme haiwezekani. Mtoto akipata homa, kuumwa na kichwa au kutapika kati ya siku ya saba na wiki kadhaa baada ya safari, usimpe panadol ukangoja. Mpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza kumwambia muuguzi, kabla ya kuulizwa, ni kwamba mlikuwa Kisumu na tarehe mliyokwenda.